Swali la Tisa

Inspekta Nassoro Singano alikuwa mtu wa Muheza, na mtu wa Muheza akihamishiwa Lushoto huvaa kila kilichomo sandukuni. Jumatatu ile alikuwa na fulana mbili, sweta, na koti la kazi juu yake, na bado kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota kifaranga. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeimeza hospitali yote ya Kwemzinga: wodi, bustani ya kabichi, mpaka langoni.

"Nipime," alisema.

Modesta, mwanasaikolojia wa wodi ya akili, alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa binti wa Ilala, na huku milimani alikuwa mgeni wa miezi michache tu. "Nikupime nini, afande?"

"Kilekile ulichompima Mzee Sefania kabla hujamruhusu kwenda nyumbani. Usiruke hata neno."

Hakuwa anatania, ingawa utani haukuwa mbali na mdomo wake siku zote. Jumapili ya wiki iliyopita, watu wakiwa kanisani, Mzee Sefania Shemweta alikutwa amekufa ndani ya korongo lililo nyuma ya shamba lake, upande wa Rangwi. Mwanawe wa pekee, Kristian, alikuwa mahabusu. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kosa la kumuua baba yake, na kosa hilo halina dhamana. Mtu akiingia kwa mlango huo, anaweza kukaa miaka kabla hajauona wa kutokea.

Na mkuu wa upelelezi alikuwa ameshafunga hesabu. Siku moja kabla ya kifo, majirani waliwasikia baba na mwana wakifokeana juu ya miti ya plamu ambayo Kristian alitaka kuikata apande hoho. Asubuhi ya tukio Kristian hakuwa nyumbani wala kanisani, na alipoulizwa alikuwa wapi, alisema, "Andikeni mnavyotaka," akafunga mdomo. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba mzee hakujitupa mwenyewe. Hapo ndipo mkuu alipoitoa karatasi ya Kwemzinga: kipimo cha hatari ya kujiua, alama za chini kabisa, mgonjwa aruhusiwe. "Hakutaka kufa," mkuu alisema. "Basi kuna mkono uliomsukuma. Unataka nini zaidi, Nassoro?"

Nassoro alitaka kuujua mdomo uliotoa zile alama. Karatasi haisemi yenyewe.

Modesta alivuta kiti karibu, akaanza. Aliuliza habari za usingizi. "Nani analala na baridi hii," Nassoro akajibu. Akauliza habari za kula, za uchovu, za kujiona mtu asiye na faida nyumbani. Inspekta alijibu yote kwa masihara, mpaka aliposhtuka kuona binti wa watu haandiki masihara yake, anamtazama tu.

"Swali la tisa," Modesta alisema, na sauti yake ikashuka. "Katika siku hizi za karibuni, umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ungekuwa umekufa?"

"Hapana," Nassoro alijibu upesi. Kisha akakohoa. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile, hata mkewe, hata mwaka ule walipomzika mtoto wao.

"Umejibu haraka. Wengi hujibu haraka. Ndiyo maana huwa tunanyamaza kidogo, halafu tunauliza tena polepole."

"Na hamwogopi kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo?"

"Watu wote wanaogopa hivyo, afande, na si kweli. Anayewaza kufa huwa ameshawaza peke yake muda mrefu. Ukimuuliza unamfungulia mlango. Wengine hulia hapohapo, wakashukuru."

Nassoro aliweka kikombe chini, akaokota mfuko wa rambo aliokuja nao. Ndani yake akatoa koti jeusi la suti, la zamani lakini limetunzwa, la kwendea kanisani.

"Hili ni la Mzee Sefania. Tumemkuta nalo jirani yake, Kornelio, amelivaa ibada ya jana. Waumini nusura wamvue madhabahuni."

Koti lile lilikuwa limempotezea Jumapili nzima. Kwa muda Nassoro aliamini amempata mtu wake: jirani, mpaka wa shamba, koti la marehemu mgongoni. Lakini Kornelio hakukimbia wala hakubabaika. Alilia kama mtoto. Mzee alikuwa amempelekea koti mwenyewe siku ya Jumatano, limepigwa pasi, akamwambia, "Wewe bado una safari za kanisani." Kabla ya hapo jembe lake zuri alikuwa amempa mtu mwingine. Na ile miti ya plamu aliyokuwa akiipigania kwa ukali siku zote, Jumamosi ileile ya ugomvi, jioni, alimwambia Kristian mbele ya Kornelio, "Kata tu, mwanangu. Kata yote."

Nassoro alipomsimulia hayo, Modesta aliweka kalamu chini.

"Mtu anayegawa vitu vyake," alisema, "na anayeacha ghafla kugombania alichokuwa akikigombania, sisi hatumwiti mtu aliyetulia. Tunamrudisha wodini siku hiyohiyo."

"Basi kipimo kinasema moja na koti linasema lingine."

"Hapa alikuwa ameanza kula. Labda hali ilibadilika baada ya kurudi nyumbani."

"Labda. Au mmoja kati ya hivi viwili hakusema kweli tangu mwanzo, na koti halina mdomo." Nassoro alifungua daftari lake. "Hebu nirudishe kwenye chumba kile. Ulimuuliza kwa lugha gani?"

"Mimi nilisoma kwa Kiswahili, mkalimani akamwambia kwa Kishambaa. Mzee hakujua Kiswahili. Tangu alipoletwa hakutamka neno la Kiswahili."

Nassoro aliinua macho. "Dada Modesta, Mzee Sefania alikuwa nyapara kwenye mashamba ya chai ujana wake wote. Aliwasimamia watu wa kutoka Kigoma na Songea. Unadhani aliwafokea kwa Kishambaa?"

Modesta alikuwa anakumbuka, na mtu akikumbuka kitu ambacho hakutaka kukikumbuka, uso wake hujionyesha.

"Kila nilipomaliza kusoma swali," alisema taratibu, "aliniangalia mimi. Kabla ya tafsiri. Nikadhani ananiangalia kwa kuwa mimi ndiye ninayezungumza."

"Alikuwa amekuelewa. Lugha alikuwa nayo, ila hamu ya kuisema ilikuwa imemtoka. Kornelio anasema tangu mkewe azikwe hakuongea na mtu Kiswahili, kama vile kimemwishia. Kwa hiyo kila swali alilisikia mara mbili: kwako, na kwa mkalimani. Mkalimani alikuwa nani?"

"Kwa kawaida ni Nesi Sesilia, lakini yuko likizo ya uzazi. Siku ile nilitoka kwenye korido nikauliza nani anajua Kishambaa vizuri anisaidie. Akajitokeza mama mmoja wa dobi. Sijui hata jina lake la pili. Ni mtu mzuri, alijitolea mwenyewe."

"Alimwitaje mzee?"

"Tate, yaani baba. Lakini wazee wote huku wanaitwa hivyo."

"Kweli. Alikaa wapi?"

"Nilimpa kiti, akakataa. Alikaa chini karibu na mlango." Modesta alionyesha pembe ya chumba. "Ubavu ubavu hivi. Akajifunika kitenge mpaka hapa. Nikajua ni heshima."

"Alimtazama mzee usoni hata mara moja?"

"Hapana."

"Na mzee alimtazama yeye?"

"Hapana. Isipokuwa..." Modesta alisita. "Lile swali la tisa. Pale alimtazama. Akamtazama kwa muda. Halafu akajibu."

Nassoro alifunga daftari. Kwao Ubondei, kama huku Usambaa, kuna mtu mmoja tu ambaye mwanamke mzima humkalia chini, akampa ubavu, na asimtie machoni. Mama yake mwenyewe alimkalia hivyo babu yake mzaa baba mpaka siku walipomfukia.

"Dada," alisema, na wakati huo hakukuwa na utani uliobaki, "yule hakuwa mkalimani. Yule ni mkwewe. Umempima mzee mbele ya mke wa mwanawe."

Modesta alijishika mdomo. "Nilisikia watu wa dobi wana msiba," alisema baadaye. "Sikuuliza ni msiba wa nani."

*

Chumba cha dobi kilikuwa nyuma ya jiko. Ukungu ukikaa siku nyingi mashuka hayakauki kambani, kwa hiyo hukaushwa kwa pasi za mkaa, na ndani ya chumba kile ndipo mahali pekee pa Kwemzinga ambapo Nassoro alitamani kubaki. Mwanamke mmoja alikuwa akipiga pasi mgongo ukielekea mlangoni. Alikuwa amevaa kanga nyeusi ya msiba juu ya sare.

"Onga mshi, mama," Nassoro alimsalimu kwa Kishambaa.

Mwanamke aligeuka. Alikuwa wa miaka thelathini na kitu, na macho yake yalikuwa yamevimba. "Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye Marta, mke wa Kristian?"

"Ndiyo mimi."

"Pole na msiba."

"Tumeshapoa."

Nassoro aliketi juu ya benchi la mashuka bila kukaribishwa, lakini kwa upole. Alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, matapeli wa viwanja, na mchungaji mmoja aliyeuza kengele ya kanisa, na wote aliwaanza kwa mbali. Marta hakuwa mtu wa kuanzwa kwa mbali.

"Kesho mumeo anapelekwa mahakamani. Unajua?"

"Najua."

"Na unajua kinachompeleka?"

Marta aliirudisha pasi juu ya kigae chake. "Wanasema tate hakutaka kufa. Wanasema daktari alimpima, akaonekana hataki."

"Na wewe ulikuwepo."

Marta alilinyoosha shuka kwa kiganja.

"Kwa nini ulijitokeza, mama? Korido ilikuwa na watu. Hata mpishi ni Msambaa."

"Yule mpishi ana mdomo." Ilimtoka kwa hasira, hasira ya siku nyingi. "Angekwenda kusema mpaka Soni sokoni, kwamba mzee Shemweta aliulizwa hiki akajibu hiki. Nikaona mambo ya nyumbani yafunikwe na watu wa nyumbani. Nilimwonea huruma. Nilitaka kumsitiri, afande. Sikuwa najua watauliza nini. Nilidhani ni kichwa, ni tumbo."

"Ukaanza kutafsiri."

"Nikatafsiri. Usingizi, nikatafsiri. Chakula, nikatafsiri. Akasema halali, halali kabisa, nami nikaona aibu, mzee wa watu ataonekana nyumbani kwangu analazwa vibaya. Nikasema, anasema analala kiasi." Machozi yalikuwa yameshaanza, lakini sauti haikukatika. "Akasema chakula hakimpiti. Mimi ndiye ninayempikia. Nikasema, anakula kidogo kidogo."

"Halafu swali la tisa."

Marta aliketi kwenye kapu la nguo.

"Afande, wewe ni mtu wa bonde lakini unajua. Nitamwambiaje baba mkwe neno lile? Mimi hata jina lake sijawahi kulitaja. Akipita njiani napisha. Akinywa maji nageuka. Nimwulize, tate, unataka kufa? Nianzie wapi? Mdomo ulikuwa wazi, neno likakataa kutoka."

"Ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza..." Aliufunika uso wake kwa shuka lililokuwa bado na joto la pasi, kisha akalitoa. "Nilimuuliza kama anasikia baridi usiku. Kama blanketi linamtosha."

Mkaa ulilia ndani ya pasi. Nassoro alikuwa amejifunza asubuhi ileile kwamba kuna mahali mtu hunyamaza kidogo.

"Alikuwa amemsikia daktari," Marta aliendelea. "Kiswahili chote alikuwa anasikia, mimi najua, sote nyumbani tunajua. Alisikia swali la kweli, akangoja nimwambie. Akanisikia nauliza blanketi. Ndipo aliponitazama. Tangu niolewe hakuwahi kunitazama, afande, ilikuwa mara ya kwanza. Aliona kwamba sikuweza. Akanionea huruma. Akasema, 'Lanitosha, mwanangu. Lanitosha.' Akaniita mwanangu. Mimi nikamgeukia daktari nikasema, anasema hapana."

Alilia sasa kwa sauti, kilio cha mtu aliyekaa nacho msiba mzima, akapika, akapokea wageni, akaimba na kwaya pembeni ya kaburi, na kilio chenyewe akakiacha chini ya vyote hivyo. Nassoro aliitazama sakafu. Alikuwa na binti wa umri ule Tanga mjini, na moyo ulimuuma kama anamsikia yeye.

"Angelijibu," Marta alisema. "Ningelimuuliza, angelijibu. Alikuwa amejiweka tayari kujibu."

"Na baada ya hapo? Wiki zile alipokuwa nyumbani?"

"Nilimwongezea blanketi."

Nassoro alivua kofia. Kazi yake ilimtaka aseme neno moja, na neno lenyewe hakulipenda. "Mama Marta, maneno haya nikiyapata kwa maandishi, ile karatasi ya alama inakufa. Mkuu hana tena cha kumwonyesha hakimu. Lakini lazima uyaseme kituoni, na Kristian atayasikia."

"Najua."

"Ndiyo sababu ulinyamaza?"

"Atasema nilimuua baba yake."

"Ukinyamaza, serikali itasema ni yeye aliyemuua."

Marta aliufuta uso. Alikunja shuka alilokuwa akilipiga pasi, kona kwa kona, akaliweka juu ya mengine. Kisha akamwaga mkaa, akamwomba mwenzake wa chumba cha pili amwangalizie kazi. "Twende," alisema. "Twende kabla sijaogopa tena."

*

Kituoni mkuu wa upelelezi alisikiliza kwa kusimama, akaketi, akasikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi nyingi.

"Hii inaondoa kipimo," mkuu alisema baada ya Marta kumaliza. "Haimwondoi Kristian. Alikuwa wapi asubuhi ile? Mpaka leo hajasema. Asiye na kosa ana mdomo."

"Mlete hapa," Nassoro alisema. "Nipe ruhusa asikie."

Kristian aliletwa na askari. Alikuwa mrefu, ndevu zimemwota ovyo, na suruali aliishikilia kwa mkono kwa sababu mahabusu huvuliwa mkanda. Alipomwona mkewe alirudi nyuma hatua moja.

"Huyu ameletwa kufanya nini? Nimeshasema andikeni mnavyotaka. Mwacheni mke wangu."

"Nimekuja mwenyewe," Marta alisema.

"Nyamaza, Marta."

"Nimenyamaza vya kutosha."

Akamwambia. Alimwambia kwa Kishambaa, akiwa amesimama, akimtazama usoni, na Nassoro, ambaye Kibondei chake, ndugu wa Kishambaa, kilitosha kwa hilo, alisikia neno la kufa likitamkwa wazi ndani ya chumba kile bila kufunikwa na kitu. Lilitoka zima. Aliposema habari ya blanketi sauti yake ilivunjika, lakini alimaliza.

Kristian hakupiga kelele. Hakumkaribia. Aliuegemea ukuta, akateleza polepole mpaka akakaa sakafuni.

"Nilijua," alisema.

Hakuna aliyeelewa mara moja.

"Siku ile nilikuwa nimekuja kumchukua baba. Nilikuwa nje, chini ya dirisha. Lilikuwa wazi. Nilimsikia daktari anauliza, nikakusikia wewe unauliza blanketi."

Marta alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Kwa nini hukuingia?"

"Niingie niseme nini? Mke wangu umekosea, mwulize baba kama anataka kufa? Mbele ya baba? Mbele ya daktari?" Alitikisa kichwa. "Niliona haya. Nikasema moyoni, akifika nyumbani nitamuuliza mwenyewe. Kila siku nikasema kesho. Baba mzazi unamuuliza vipi neno kama lile? Nikaishia kumgombeza juu ya miti."

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?" Nassoro aliuliza, kwa upole zaidi kuliko alivyowahi kumuuliza mtuhumiwa yeyote.

"Jioni ile aliponiambia nikate miti yote, niliogopa. Sikulala. Alfajiri nilitoka, nikaenda kwa miguu mpaka Kwemzinga. Nilitaka kumwambia daktari kwamba baba hakuulizwa. Ampime tena. Mlinzi wa lango akasema leo Jumapili, daktari hayupo, njoo kesho. Nikamwomba asimwambie mke wangu kwamba nimefika." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Niliporudi nikakuta watu wamejaa shambani."

Mkuu alikuwa ameshashika simu. Ilichukua muda kumpata mlinzi, na mlinzi alipopatikana alisema ndiyo, yule bwana mrefu, alifika jua halijachomoza, akang'ang'ania pale langoni mpaka kengele ya pili ya kanisa, akaondoka analia. Alikuwa ameombwa asiseme, akadhani ni mambo ya mke na mume. Tangu hapo polisi hawakuwa wamemuuliza kitu.

Mkuu aliweka simu chini. "Kwa nini hukusema, bwana we? Ungekuwa nyumbani zamani."

"Ningesema nilikuwa Kwemzinga, mngeuliza nilifuata nini. Ningesema nilifuata nini, mngemfuata yeye." Kristian hakumtazama Marta. "Ukoo wote ungesema ni yeye. Mimi naujua ukoo wetu."

Wote watatu, Nassoro aliwaza, mzee na mwana na mkwe, kila mmoja alikuwa amemfunika mwenzake, na baridi ikawaingia wote. Aliagiza mkanda na viatu vya Kristian viletwe. Mkuu alisema hati ya kumwachia itatiwa saini mchana huu huu, na akatoka, maana hata mkuu ana mahali anaposhindwa kukaa.

Marta alikuwa bado amesimama palepale.

"Asubuhi ile uliniambia unakwenda kutafuta mbolea, nami nikaenda kanisani nikamwacha peke yake," alisema.

"Ningekuambia nini? Kwamba nakwenda kulisema lile lililokushinda?"

"Ndiyo, Kristian," Marta alisema. "Ungeniambia. Mimi ningebaki naye."